Askari wa Mfalme Nyumbani Kwangu, Mtaa wa Panda

Jumatatu, 10 Oktoba 1994

Leo darasani: Waprotestanti wa Ufaransa. Mfalme Louis wa Kumi na Nne alichoka kuwabembeleza, akawapelekea askari wa farasi majumbani. Si kuua — kulala tu! Walimaliza akiba, wakapiga ngoma mwenye nyumba asisinzie, mpaka asaini kwamba amekuwa Mkatoliki. Princesse, binti wa mchungaji, kauliza: "Prof, weye ungekubali?" Nikamjibu ningesaini kabla askari hawajashuka farasini. Wamecheka sana. Mimi, Mkatoliki, nimecheka kidogo.

Kurudi nyumbani — shemeji Stéphanie! Dada mkubwa wa mke wangu, kutoka Kakanda, na mama wawili wa kanisa lake la maombi. Na magunia mawili ya unga. Sisi tunaokula mara moja kwa siku, mshahara tukiusikia redioni tu! Nimewapokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 12 Oktoba

Ngoma ipo. Wanaanza kuomba kabla ya jogoo. Shemeji anataka Bikira Maria ashuke ukutani, na Jumapili mimi na mke wangu Claire tubatizwe upya, mtoni, kwa maji mengi. Nikamwambia bomba letu hata matone halina. Claire amecheka, lakini kwa adabu tu. Yeye anautaka ubatizo ule, namjua.

Tofauti moja tu: askari wa mfalme walikula vya watu. Wangu wanaleta. Utamfukuzaje aliyekushibisha? Jana nilikula bukari, ugali wetu wa huku, mpaka nikalegeza mkanda. Aibu.

Ijumaa, 14 Oktoba

Gunia la kwanza linaisha. La pili, kasema shemeji, ni la "batoto ba Mungu". Nikiingia mtoni, linabaki. Nikikataa, linarudi Kakanda. Nikamwambia mfalme Louis angempa cheo. Kashukuru!

Natania, lakini naogopa. Mama yangu alikufa na rozari mkononi. Nitamwambia nini, kwamba niliiacha kwa sababu ya unga? Na Fidélie wetu ana miaka mitatu. Hajui Papa wala mchungaji. Njaa anaijua.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimemfuata Claire jikoni, anasonga bukari. Nikamwambia: kesho naingia, maji hayaumi. Nilidhani atafurahi. Kaacha mwiko ndani ya sufuria, kaenda moja kwa moja kwa dada yake. Nimesikia yote.

"Yaya, dada yangu mukubwa, miye nilitaka ile batême ya mu mto. Sana. Lakini hapana hivi. Bwana yangu haiko kintu ya kuuza na bunga. Beba gunia yako."

Stéphanie kashusha sauti, mara ya kwanza tangu afike. Kauliza: "Na mutoto atakula nini?"

Wamekaa mlangoni, gunia katikati yao, hakuna anayeligusa. Bukari imeanza kuungua. Nimeitoa motoni mwenyewe. Fidélie kanishika suruali, anauliza kama tunakula. Nimempakulia hiyo hiyo iliyoungua.