Udongo wa Al Qabil

Ibra, Jumatatu

Mwanangu Mudrick,

Picha za safari yako zimefika. Nimeionyesha Ibra nzima: gari lenye kitanda na jiko, mlima wa hifadhi ya taifa, mweupe kwa theluji, na wewe juu ya kigari cha theluji unavutwa na mbwa kumi kama bwana harusi! Jirani yetu Azza kasema, "Mwanao kakumbatia mbwa, najisi hiyo!" Nikamjibu, "Wako hata punda mmoja hamwezi."

Baba yako siku mbili hakukutaja, nikaogopa atakukataza kuja Idi. Leo karudi kutoka shambani Al Qabil na ndoo ya udongo, kaiweka mlangoni. "Mudrick akija aoshe mikono na nguo mara saba, moja kwa huu, najisi ya mbwa itoke. Asiuguse mtu."

Basi njoo, baba.

Mama yako,
Saliha