Chupa ya Bibi Sikuzani

Salme, uko wapi? Bibi yangu Sikuzani kanimaliza leo mbele ya mama mkwe!

Mama mkwe kaja, hata chai hajaionja, kaanza: "Hilali anataka mtoto, na huyu mke wake hazai."

Bibi akauliza, "Hilali amepimwa?"

"Mwanamume apimwe nini?"

Weee! Bibi akamwaga ya kwake. Enzi za Ujamaa, yuko mtaa wa Kanyenye kwa mume wake wa kwanza, Mabruki, kutwa anaitwa tasa. Akambana Mabruki mpaka akatoa mbegu zikapimwe, lakini kuzipeleka hospitali mwenyewe akaona haya. Basi Bibi kaibana chupa kifuani, ndani ya kanga, maana daktari alitaka mbegu zifike hazijapoa. Anatoka, mkwewe yuko barazani na mawifi wote.

"Umeficha nini kifuani?"

"Wajukuu wako, mama. Nawapeleka wakahesabiwe."

Salme, wajukuu wako! Barazani, mchana kweupe!

Maabara wakatazama kwenye darubini, hawakuona hata mbegu moja. Bibi hakungoja kufukuzwa. Akadai talaka yake, akaolewa na babu Abasi, akazaa mpaka akachoka mwenyewe.

Mama mkwe sasa ndiyo kakumbuka chai yake. Hilali anatazama mkeka. Na mimi sikumnyamazisha Bibi, ng'o!

Bibi akamgeukia Hilali, sauti ya upole kabisa:

"Mjukuu wangu, kama unaona haya, wewe nipe chupa tu. Njia ya hospitali bado naijua."