Kona ya Bomba Pale Mafiga

Mafiga, Morogoro
Septemba 26, 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake hapo alipo, maana najua yuko kando yako anachambua maharage na masikio ameyatega kwenye barua. Theresia mdogo wangu, wewe unayewasomea, hujambo? Soma polepole, usiruke mstari. Huko mbele kuna mahali utatamani kuruka, na hapo ndipo nataka usome kwa sauti zaidi.

Mimi ni mzima, ila vumbi la Mafiga linanikohoza kama gari bovu. Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya Mlali? Nasikia kabichi mwaka huu zimefunga vizuri. Nikija Krismasi msiniambie zimekwisha.

Sasa habari. Baba, mwanao amekabidhiwa barabara. Si kuichimba, ni kuipanga. Barabara yetu ya Mafiga itawekwa lami, na mimi ndiye niliyechora kila kitu, mitaro, makalvati, hata mahali pa kulundika kokoto. Ndugu Abasi, mhandisi wetu, alinichagua mbele ya watu waliosoma kuliko mimi, na wala sikushangaa sana. Kazi ninaijua.

Lakini lami haianzi na lami. Chini kuna lile bomba la chuma mlilolilaza mwaka hamsini na tatu, wewe ukiwa nyapara wa kikosi. Limeoza, linavuja. Ukiliacha huko na kufunika juu, masika ya kwanza tu barabara inatitia, na mafundi wanarudi kuvunja lami mpya kutafuta maji yanakotoka. Kwa hiyo nilipanga tulifukue lote, tulaze jipya, tushindilie udongo, ndipo mitambo ya lami iingie. Mitambo hiyo tumepewa hadi mwisho wa Oktoba. Ikishaondoka kwenda mkoa mwingine, Mafiga itakaa na vumbi lake mwaka mzima.

Ofisini ipo ramani ya yule Mzungu wenu aliyesimamia kazi ya bomba. Humo bomba limenyooka kama uzi kando ya barabara. Nikapima, nikapigilia vigingi, na Jumamosi ya kujitolea watu wa nyumba kumi kumi wakaja na majembe na nyimbo zao. Shimo la kwanza, hakuna kitu. La pili, udongo mtupu. La tatu tulichimba hadi kifuani. Wakaanza kunitania, wakauliza kama bomba nalo limehamia kijiji cha Ujamaa. Nilirudi ofisini nimefura kwa hasira, nikaandika ripoti. Hiyo ripoti nitaifikia.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kuchimba penye kigingi cha nne. Hapo nikamkuta Bi Mwaisha, mjane wa Salehe, yule ambaye hukosi kumtaja kila ukizungumzia Mafiga ya zamani. Alikuwa Mkuyuni msibani wiki mbili, ndiyo kwanza amerudi. Nilimwamkia, hakuitika. Alinyoosha mkono, akachukua tepu yangu ya kupimia, akaifunga kwenye pindo la khanga na kukaa barazani kwake. Akasema ukoo wake na ukoo wako ni watani, kwa hiyo ameichukua na hakuna polisi wa kumnyang'anya. Nilimjibu kwamba mimi ni wa ukoo wa mama yangu, kama Mluguru yeyote, na utani huo ni wako peke yako. Akasema mtani asipokuwepo anashikwa mwanawe, na kama naitaka tepu yangu nikae chini nisikilize.

Nikakaa. Akaenda akaking'oa kile kigingi cha nne kwa mikono yake miwili, akakilaza miguuni pangu, akasema, "Hapa baba yako alinizikia mwanangu Asia. Ulidhani angempitishia bomba juu ya kichwa?"

Baba, miaka yote hii hukuniambia. Alinieleza kwamba mtoto alikuwa na miezi saba, na wewe kama mtani ndiye uliyelichimba kaburi mwenyewe. Miaka miwili baadaye mtaro wa bomba ulipokaribia, yeye na Salehe waliogopa Mzungu ataamuru kaburi lihamishwe, nawe ukawaahidi kwamba hutamwambia mtu. Mzungu alipokwenda Dar es Salaam kwa siku nne, kikosi chako kilichimba usiku na mchana, mkalipeleka bomba nyuma ya nyumba yao na kulirudisha barabarani mbele zaidi. Aliporudi alikuta mtaro umeshafukiwa na maji yanatoka. Ramani yake ikabaki vilevile.

Asubuhi ya pili yake, wakati akina mama wamefungulia maji mtaa mzima, nilichukua nondo, nikaisimamisha nyuma ya banda la kuku la Bi Mwaisha, nikaweka sikio juu yake kama ulivyonifundisha. Nikayasikia maji yanapita. Tulichimba kina cha mkono tu, bomba hilo hapo.

Ndugu Abasi aliniuliza kwa nini bomba jipya nalo lizunguke, wakati tukilinyoosha tunaokoa mita kumi na mbili. Nikamwambia pale kando ya barabara kuna mtu amelala. Akauliza wa umri gani, nikamwambia. Alivua miwani, kisha akatia sahihi. Mtaro wa maji ya mvua nao nimeusogeza.

Sasa Theresia, ni hapa. Usiruke.

Katika ile ripoti, Baba, niliandika kwamba bomba halikufuata ramani kwa sababu ya uzembe wa nyapara asiyejua kusoma. Na jina nikaliandika, jina lako kamili. Sikuandika kwamba ni baba yangu. Ilisomwa kikaoni mbele ya watu ishirini. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mlali ni safari ya asubuhi moja, ningeweza kuja kukuuliza. Sikuja kwa kuwa niliona haya, mtu wa ramani kwenda kumuuliza mtu wa sururu. Nilikuuza ili nisichekwe mimi. Linaniuma, na litaniuma muda mrefu.

Jumatatu iliyopita niliomba kikao kilekile. Nilisimama nikasema ripoti yangu ni ya uongo, na kwamba huyo nyapara ndiye aliyenizaa. Safari hii hakuna aliyecheka. Niliomba ichanwe, Ndugu Abasi akakataa. Alisema karatasi ya ofisi haichanwi, niandike nyingine ikae juu yake. Nimeandika. Na kwenye ramani mpya, pale bomba linapozunguka, nimeandika kwa wino: Kaburi, bomba lipite nyuma. Chini yake nimeandika: Kona ya Stefano. Atakayechimba pale baada yangu atalikuta jina lako.

Kazi inakwenda vizuri, wala sina wasiwasi na tarehe. Bomba jipya litakwisha wiki ijayo, na maji yatafunguliwa Jumamosi tarehe sita, saa nne asubuhi. Njoo Baba. Goti likikusumbua nitakuja kukuchukua na lori la ofisi. Bi Mwaisha bado ana tepu yangu, na anasema ataitia mkononi mwako tu. Huku napima kwa kamba yenye mafundo.

Mnisalimie majirani wote, na Mama asiniombee sana, aniombee kiasi, kazi ipo.

Ile shikamoo ya mwanzo wa barua hii niliitoa kabla hujasikia haya, na pengine umeshajuta kuiitikia. Nitaitoa upya Jumamosi, pale kwenye kona, watu wote wakisikia. Ukinijibu marahaba, nitajua umenisamehe.

Ni mimi mwanao,
Mikaeli