Ukuta wa Baba Haubomolewi

Hatta, Dubai

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya huko Usangi? Mimi ni mzima, mikono tu imechubuka.

Nimepata ujumbe wa Kaka Eliya kwamba akishavuna mahindi atabomoa kuta za mawe za marehemu Baba kwenye matuta ya shamba, ajenge za tofali, eti za mawe ni za kizamani. Mama, nimekasirika, na sikufichi.

Sikiliza. Tajiri wetu anajenga nyumba ya wageni mlimani huku. Alituonyesha picha za Machu Picchu, mji wa mawe uliojengwa na Wainka juu ya milima ya Peru, akataka bustani yake ifanane nao. Nilicheka peke yangu. Matuta ya pichani ni kama ya kwetu kabisa: ukuta umeegemea mlima, nyuma yake kokoto za kupitisha maji ya mvua. Kwenye nyumba zao mawe yamechongwa yakakumbatiana bila simenti, na milango ni mipana chini, myembamba juu, ili tetemeko lisiiangushe. Karne zimepita, mji bado umesimama.

Nami, mtoto wa Baba, ukuta wa kwanza niliuziba kwa simenti. Niliona aibu kujenga kishamba mbele ya mafundi wenzangu. Ikanyesha mvua moja tu, maji yakakosa pa kutokea, ukuta ukafura, ukalala chini.

Wa pili nikaupanga kama Baba alivyonifundisha. Msimamizi akaja juu: "Yalla, weka simenti! Hutaki, khalas, rudi kwenu."

Nikamwambia, "Sir, nirudishe. Simenti siweki."

Tajiri akasema niachwe mpaka mvua ijayo. Imenyesha wiki iliyopita. Maji yakatoka katikati ya mawe, ukuta haukutikisika. Msimamizi sasa ananiita mwalimu, na mimi naitika.

Kwa hiyo mwambie Kaka, pamoja na heshima zote za ukubwa wake, kuta zile hazibomolewi. Likizo nimepewa, nafika kabla ya vuli. Kila jiwe atakalong'oa akumbuke lilikaa wapi, maana atalirudisha kwa mikono yake, nami nimesimama pale pale.

Nisalimie Shangazi, fundi wa makande, na Mjomba anayelinda mfereji wa maji. Kaka naye msalimie, ni ndugu yangu.

Mwanao asiyeweka simenti,
Mbonea