Vumbi la Uyoga wa Mbezi Luis

Tabata, Jumapili jioni

Shikamoo, Bi. Mwanaidi.

Nimeandika salamu hiyo kisha nikasubiri, kwa mazoea. Ulikuwa unaitikia kabla sijaimaliza, kutoka chumba cha ndani, na kwa ile marahaba nilijua kama leo mgongo unauma au umekupa nafuu. Leo kimya. Basi naendelea.

Karatasi zako nusura zifutwe. Hazikuibiwa wala hazikulowa. Zilitaka kufutwa tu, kwa brashi safi, na mtu anayefanya kazi yake vizuri. Sina mwingine wa kumweleza jambo hili akaelewa uzito wake.

Nianze na nyumbani kwako Mtoni, maana ndiko ungeuliza kwanza. Zuhura mwanao hajambo. Chumba chako cha kazi amekipangisha kwa fundi cherehani, mtu mpole. Ile meza kubwa ya kulia chakula sasa inaliwa chakula. Tulipokwenda kuchukua boksi la karatasi zako aliniambia, "Sasa tunakula mezani kama watu, Festo," akacheka, halafu akaenda kusimama jikoni muda mrefu bila kupika chochote.

Meza ile! Siku ya kwanza ofisi yetu ya nyaraka iliponituma kuorodhesha karatasi zako, nilikuta mabakuli yamepinduliwa juu yake kila mahali, nikaona aibu kwamba nimeingia saa ya chakula. Ukaniona ninavyotazama. "Usifunue, mwanangu. Humo hamna ubwabwa." Ukanisimulia ya shemeji yako, aliyekuja kufuturu, adhana ikalia, akafunua bakuli la kwanza akakuta kofia ya uyoga imelala kifudifudi juu ya karatasi. "Shemeji, ndiyo futari hii? Mwaka huu mnatufuturisha dawa ya minyoo?" Uliiga sauti yake mpaka ukakohoa.

Kisha ukainua bakuli moja, ukaiondoa kofia kwa vidole viwili, ukanisogezea karatasi. Duara la vumbi, na ndani yake mistari isiyohesabika, myembamba kuliko unywele, yote ikitoka katikati kwenda ukingoni bila hata mmoja kumgusa mwenzake. Nilisahau kuvuta pumzi. "Pumua," ukasema, "lakini pumua pembeni." Nikakuuliza nani kalichora. Ulinicheka sana.

"Nani achore? Uyoga umelidondosha wenyewe, usiku kucha, chembe kwa chembe. Hizo ndizo mbegu zake. Basi hiyo si picha, Festo. Huo ni uyoga."

Nikauliza kama bado u hai. Ukasema pengine umekufa, pengine unangoja maji, wewe hujui. Ulisema hujui bila kushusha sauti, wewe uliyesoma yote yale. Mimi shuleni nilifundishwa kuliogopa neno hilo.

Niliposikia umefariki niliomba ruhusa ya kesho yake. Kwetu Njombe msiba husubiri watu, hata wa mbali. Nilifika Mtoni na suti yangu nyeusi nikakuta wanaume wamesharudi kutoka makaburini tangu jana, viti vinakusanywa. Zuhura alinipa chai. Sikukuaga, na barua hii ni sehemu ya kukuaga.

Sasa ya ofisini. Unajua utaratibu wetu, hakuna karatasi inayoingia stoo bila kupigwa brashi. Boksi lako lilipofunguliwa mimi nilikuwa naandika lebo. Rehema, tunayekaa naye meza moja, akatoa jalada la kwanza.

"Festo, huyu bibi yako alikuwa anafungia maandazi humu? Vumbi hili unaotesha mchicha."

Nilipoinua macho brashi ilikuwa imeshagusa kona.

"Acha!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Rehema akabaki mkono juu. "He! Makubwa. Kumbe una sauti?" Na mlango wa Bwana Lyimo ukafunguka. Ndiye yule mkuu wetu niliyekwambia kwamba nikisikia viatu vyake nasahau jina langu, ukaniita karani mwoga. Mkataba wangu bado ni wa majaribio, Bi. Mwanaidi. Yeye ndiye atakayeandika kama ninafaa.

"Vumbi gani hilo?"

"La uyoga, bosi."

"Ukungu?"

"Ni... ni jamaa zake."

Rehema alicheka. Yeye hakucheka. "Yaani umeniletea mbegu za jamaa za ukungu kwenye stoo ya karatasi. Zipigwe brashi zote. La sivyo boksi lirudi lilikotoka."

Lilikotoka kuna cherehani. Lingeishia jalalani, na Zuhura nisingeweza kumlaumu.

Karatasi niliyoichukua mkononi mwa Rehema ilikuwa ya ule uyoga wa Mbezi Luis. Uliandika chini yake, kwa herufi zako zilizosimama wima, "pembeni ya kichuguu, baada ya mvua." Uliniambia hukuuona tena uyoga ule mahali pengine popote. Mimi Mbezi Luis naijua kwa stendi tu. Krismasi nilipandia hapo basi la Njombe. Zege, taa, wapiga debe, mizigo. Nilijaribu kukisia kichuguu kilikuwa upande gani, nikashindwa. Na hapa mkononi mwangu kulikuwa na kitu kilichotoka katika udongo ule, chenyewe, si habari zake.

Niliogopa nitalipukutisha vumbi lile mwenyewe. Nikaiweka mezani. Nikasogeza taa, nikatoa ile lenzi uliyonipa, nikasema, "Bosi, naomba utazame. Ila pumua pembeni."

Rehema akaziba mdomo. Hata mimi nilisikia nilichosema.

Bwana Lyimo akainama. Akakaa vile vile ameinama, miwani imepanda kwenye paji la uso, mpaka nikadhani kiuno kimemkaza. Vumbi lile ni la rangi ya waridi iliyofifia, unakumbuka, na chini ya taa kila mstari ulikuwa na kivuli chake.

"Nani kachora?" akauliza polepole.

Nikamweleza kama ulivyonieleza. Akasimama wima.

"Zuri. Lakini uzuri hauzuii ukungu. Unaweza kuniambia halitaota humu?"

Jibu la "ndiyo" lilikuwa mdomoni, tayari. Neno moja tu na uyoga wako ungekuwa salama. Nikasema, "Siwezi, bosi. Likipata unyevu, sijui."

Kisha akaonyesha kabati la chuma lililo mlangoni, mbali na stoo. "Humo. Ufunguo ukae nao wewe. Na uniandikie kwamba ukungu ukionekana jengo hili, wa kuulizwa ni Festo."

Nikaandika. Saini ilitoka imepinda, si kama yangu.

Mchana kutwa Rehema alinisaidia kuziweka moja moja kwenye bahasha za nailoni bila kuzigusa katikati. Alikuwa anabana pumzi mpaka mashavu yanavimba. "Huu nao unalika?" Nikasoma ulichoandika, nikamwambia huo ungetumaliza sote. "Wacha wee! Na ulivyojipamba!"

Kona moja ya ule wa Mbezi Luis imekwenda. Brashi imeacha njia nyeupe, upana wa kidole. Nisamehe kwa hilo, na umsamehe Rehema, hakujua.

Masika yanakaribia na kuta za jengo letu hutoka jasho. Naogopa vumbi lisije likaota, nikapoteza kazi. Lakini nikiwa peke yangu na lile kabati hofu nyingine inanishika, kubwa kuliko hiyo: kwamba huenda halitaota kamwe, hata likipewa maji, na kwamba uyoga ule umebaki karatasini tu, duniani kote. Sijawahi kuogopa kitu kizuri namna hii.

Nakuahidi mambo mawili. Ukungu ukitokea, nitasema mimi mwenyewe kabla ya kuulizwa. Na akija mtu anayejua kuliko mimi, atakayeweza kuliuliza vumbi lile kama bado li hai, atalikuta.

Kwa heri, mama yangu. Kesho ni Jumatatu. Nitafika kabla ya Rehema, nitafungua kabati, nitanusa, nitatazama, nitafunga. Nitafanya hivyo mpaka waniondoe.

Karani wako,
Festo