Usimhamishe Baba, Ng'oa Kizingiti

Kaka yangu mpendwa,

Hamjambo huko Lurambi? Watoto wanakula, wanalala? Mimi nipo, ingawa Nairobi imenichosha hadi mifupa. Barua yako imefika, nikacheka na kuhuzunika papo hapo.

Unasema Baba ameanguka tena mlangoni mwake, na ulipompeleka kwako alikataa hata kushuka kwenye baiskeli. Eti akauliza, "Nani ameona mzee analala chini ya paa la mwanawe, mkwe amsikie akikohoa?" Usimkasirikie, Kaka. Mila ni mila. Na hata angekubali, angepandaje? Wewe na hizo ngazi zako! Tangu bendera ya uhuru ipandishwe, kila mtu anatakanga nyumba iliyonyanyuka kama kanisa.

Basi mwache kwake, nyumba ndiyo ibadilike. Kizingiti king'oe, ndicho kinachomwangusha. Hapo mlangoni shindilia udongo na kokoto, uwe mteremko wa polepole. Mlango upanue, apite na fimbo yake bila kugeuka ubavu. Kitanda kiinue kifike magotini. Halafu simika nguzo fupi toka mlangoni hadi chooni, ulaze juu yake mti laini wa kushikilia. Akisema unamfanya mtoto, mwambie ni ua wa kuku. Kwa ingokho zake atanyamaza tu.

Utauliza nimeyajulia wapi. Kaka, nimechoka kuficha. Nilianguka kutoka jukwaani tukijenga ghorofa. Mfupa wa mguu uliunga vibaya, sasa natembea kwa magongo, na fundi mwenye magongo hakuna anayemwandika kazi. Ngazi za chumba ninachopanga zinanitoa jasho. Siku nyingine naona heri nilale njaa kuliko kushuka kununua unga. Naona aibu, Kaka, lakini ndivyo ilivyo.

Mvua ikipungua nitarudi. Kwako ngazi sitaziweza, na kwa Baba mwanamume mzima halali. Ile simba yangu, kibanda changu cha ujana nyuma ya migomba, bado imesimama?

Nisalimie shemeji, mpishi wa obusuma, ule ugali ninaouota. Msalimie na shangazi yetu mfinyanzi, na mjomba katekista, aniombee. Baba usimwambie bado, nitamwambia mwenyewe.

Na ule mti wa kushikilia, usiukomeshe chooni. Uendeleze hadi mlangoni kwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Makokha