Kipande cha Nne cha Mafunjo

Mama Eucabeth, mpendwa mshauri wetu,

Barua hii nimeiandika na kuichana mara tatu, leo naituma hivyo hivyo, naomba unisaidie. Mimi ni Mkisii, nimeolewa na nakaa Rangwe, na kazi yangu ni kupanga uzalishaji katika karakana ndogo karibu na Homa Bay, tunachemsha mafunjo, yale wenyeji wanaita togo, tunayaponda mpaka yawe rojo, tunatandaza kwenye nyavu na kupata karatasi za kadi. Kinamasi tulikigawa vipande sita, kila kipande kikikatwa kinapumzika mwaka mzima, na kalenda hiyo niliitengeneza na Wangwe, mkataji wetu kutoka Ntimaru, ambaye anajua mizizi ya togo kuliko sisi sote.

Septemba mwaka jana, 1996, hoteli moja ya Nairobi iliagiza kadi nyingi za Krismasi, meneja wetu Bwana Mayaka akaniuliza, "Tutaweza?" nikasema ndiyo kabla sijafungua kitabu, kwa sababu niliogopa aone mwanamke ameshindwa. Oktoba mafunjo yakapungua, nikamwambia Wangwe akate kipande cha nne ambacho kilikuwa kimepumzika miezi mitano tu. Akaniuliza, "Dada, hii bado changa. Uko na hakika?" Nikamjibu, "Kata tu. Mimi ndiye napanga."

Kadi zilifika kwa wakati na nikasifiwa. Lakini Machi kipande cha nne hakikuchipua, mizizi ilioza, na akina mama wanaosuka mikeka wakaja karakana kulalamika wakiongozwa na Phelesia, mjane ambaye amekata togo pale tangu aolewe. Mayaka akauliza mbele ya watu wote nani aliagiza, nami nikaangalia kitabu changu kana kwamba nasoma. Wangwe alinitazama, akangoja, halafu akasema, "Nilikata mimi." Akaachishwa kazi siku hiyo. Akipita mlangoni aliniambia neno moja tu, "Kalenda tulitengeneza pamoja," akaenda kwao.

Sasa hoteli imeagiza mara mbili ya zile za kwanza, Mayaka anataka mpango Jumatatu, na juzi Phelesia alikuja kuniomba niwatetee, ati mimi ndiye niliyejali kinamasi. Mume wangu Orina anasema ninyamaze, Wangwe ana shamba lake. Mimi nafikiria kuacha kazi kimya kimya nirudi kwetu Nyamira. Nimechoka, Mama, hata kanisani Sabato nakaa tu. Nifanye nini?

Priscah, Rangwe

Dada Priscah,

Pole. Najua hofu ya kusema "haiwezekani" mbele ya mkubwa wa kazi, na wanawake wengi wameimeza. Lakini hofu ilikutawala Septemba. Machi ulikuwa na nafasi ya kusema ukweli, ukaangalia kitabu. Hapo sikuonei huruma.

Kuhusu Nyamira, acha. Ukiondoka kimya, atakayekalia kiti chako atakata kipande cha tano akidhani mambo yako sawa, na Phelesia atabaki kumlaani Wangwe. Na mumeo mwambie hivi kwa heshima: mtu kuwa na shamba hakufuti aliyotendewa.

Jumatatu usimpelekee Mayaka mpango. Mwombe awaite wafanyakazi na akina mama wa mikeka, msimame pale pale Wangwe alipolaumiwa, useme wewe ndiye uliyemwambia akate. Sema kwa sentensi fupi, usimtaje mwenye hoteli wala Krismasi ili kujitetea. Phelesia anaweza kukupa mgongo. Mwache, ana haki.

Kisha ingia kinamasini na hao akina mama, muhesabu vipande vilivyokomaa. Hivyo ndivyo vitakavyosema kadi ngapi, na lini. Hoteli iandikiwe ukweli huo. Isipoweza kungoja, itafute karatasi kwingine. Kipande cha nne kisiguswe mpaka akina mama wenyewe waseme kimerudi.

Unaweza kupoteza kazi. Siwezi kukuahidi vingine.

Ila kabla ya hiyo Jumatatu, Jumapili hii, nenda Ntimaru. Usitume barua, wala usimtume mtu. Wangwe asisikie kwa wengine kwamba jina lake limesafishwa. Asikie kwako, na kama hatakukaribisha ndani, mwambie ukiwa umesimama nje. Ukifika Migori utabadilisha gari, na hapo moyo utakuambia urudi nyumbani. Panda hilo la pili.